Sikio la Kushoto la Stamenka

Mashine ilipotoa majibu ya Stamenka, wa kwanza kucheka alikuwa Stamenka mwenyewe. Alidhani wanamtania.

"Haya, leteni ya kweli," alisema, akivua hedifoni na kujipapasa nywele. "Hiyo ya mzaha mpeni Kamburov akaibandike ukutani."

Hakuna aliyemtania. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na michoro miwili, mmoja wa sikio la kulia na mmoja wa sikio la kushoto, na yote miwili ilikuwa mizuri kama ya msichana wa miaka ishirini. Wa kulia, sawa. Lakini sikio la kushoto la Stamenka lilikufa zamani, alipougua matumbwitumbwi akiwa mtoto wa shule, na katika kampuni nzima hapakuwa na asiyejua. Aliyetaka kusikilizwa alikaa kulia kwake. Aliyetaka kumsengenya alikaa kushoto, na hata huyo hakuwa salama, maana sikio halilali na njaa, na lile moja la Stamenka lilikula kwa mawili.

Zornitsa Vakareva alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Programu ya mashine ile alikuwa ameiandika yeye. Ilikuwa mashine ya kupimia usikivu: hupiga mlio mdogo katika sikio moja, na mtu akisikia hubonyeza kitufe. Asipobonyeza, mlio huongezwa nguvu kidogo, ukaongezwa tena, mpaka abonyeze au mpaka nguvu ziishe. Kisha mlio mwingine, kisha sikio la pili. Kampuni yao ya watu wachache pale mjini Plovdiv ilikuwa imeijaribu kwa kila mfanyakazi, na wote walikuwa na masikio mazima. Asubuhi hiyo Kamburov, mwenye kampuni, alikuwa ameingia chumba cha majaribio akikuna ndevu. "Wakaguzi wanakuja wiki ijayo," alisema, "na mashine hii haijawahi kukutana na mgonjwa. Nitafutieni kiziwi."

Stamenka, aliyeendesha ofisi, simu, wageni na hasira za Kamburov, alikuwa ameweka kikombe chake cha kahawa chini. "Mimi hapa. Nusu kiziwi. Nusu nyingine nawapa bure."

Sasa Zornitsa aliinama upande wake wa kulia. Kama wengi wa ofisi, alimwita shangazi. "Shangazi, ulibonyeza wakati wa sikio la kushoto?"

"Nibonyeze nini? Nilikaa kama mjinga, nikadhani mmesahau kuwasha. Kisha mlio ukaja kulia, ndiyo nikaanza kubonyeza."

"Hukubonyeza hata mara moja kabla ya hapo?"

"Mwanangu, mimi ni kiziwi, si punguani."

"Mashine inasema unasikia," Kamburov alisema kutoka mlangoni. Alikusudia mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

Tabasamu likafifia polepole usoni mwa Stamenka. Alisogea mbele, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ule mstari wa kushoto, akaufuata tangu mwanzo mpaka mwisho. "Huu ndio wa kushoto?"

"Ndio. Lakini shangazi, lazima ni kosa, ngoja kwanza..."

"Pengine linasikia," Stamenka alisema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Pengine sikio linasikia, ila mimi sijaambiwa."

Akatoka. Kupitia dirishani Zornitsa alimwona uani, kando ya mapipa ya taka, akimpigia simu mumewe Mincho. Simu alikuwa ameishikia upande wa kushoto. Alisikiliza, akabadili, akarudisha tena kushoto.

*

Zornitsa alijua ni kosa. Alilijua kama anavyojua jina lake. Asichokijua ni liko wapi.

Kwanza alishuku waya. Waya za hedifoni zikibadilishana, kulia huonekana kushoto. Lakini ingekuwa hivyo, sikio moja lingetoka limekufa, na hapa yote mawili yalitoka mazima. Akavaa hedifoni mwenyewe, upande wa kushoto akauondoa sikioni na kuuzungushia sweta, akapima kushoto peke yake bila kubonyeza. Mchoro ukatoka mtupu. Sawasawa. Akapima kulia peke yake, akabonyeza kila mlio. Sawasawa. Akaanza kulia, akamalizia kushoto. Sawasawa.

Alikuwa karibu kwenda kumwambia Kamburov kwamba Stamenka alibonyeza bila kujijua. Kisha, kwa kuchoka tu, akaanza kushoto akamalizia kulia, kama walivyofanya kwa Stamenka. Sweta lake likasikia. Likasikia hata mnong'ono. Akarudia, likasikia tena. Akaizima programu katikati, baada ya kushoto, ili achungulie ndani, kisha akaiwasha iendelee na kulia: ugonjwa ukatoweka kabisa, kama mtoto anayeacha kulia akionyeshwa daktari.

Ni kitu gani hiki, alijiuliza, kinachojali umeanza upande gani? Kinachokuja ukiwa hutazami, na ukitazama kinaondoka?

Akafungua majibu yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na hapo ndipo kichwa kilipozidi kumzunguka. Kila mlio wa kushoto ulikuwa umejibiwa, na majibu yote yalibeba wakati mmoja uleule, hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Yaani mtu alikuwa amebonyeza kitufe mara moja, na kwa mara hiyo moja akawa amesikia milio yote iliyopigwa kwa dakika nzima. Binadamu hawezi. Hata sweta haliwezi.

Programu ya Zornitsa haikuwa na ruhusa ya kukigusa kitufe. Hiyo ndiyo sheria ya kompyuta: programu za kawaida hukaa nje, na vyombo vyote, vitufe, waya, spika, viko chini ya kiini cha mfumo, mahali ambapo programu haiingii. Programu ikitaka jambo hupeleka ombi. Kiini hulipokea na kumkabidhi anayehusika, kile kiitwacho kiendeshi, ambacho huishi humohumo ndani na ndicho pekee kinachojua kuzungumza na chombo. Kiendeshi kikipata jibu, hulirudisha kwa njia ileile na kuliweka pale programu ilipoomba liwekwe. Zornitsa alikuwa ameandika upande wa nje. Upande wa ndani aliuandika Prodan.

Prodan alikuwa amekaa meza ya jirani yake mpaka moyo ulipomsumbua. Daktari alimwambia apunguze sigara na ghadhabu, akaacha sigara, akahamia nyumba ya marehemu mama yake katika kijiji cha milimani juu ya Smolyan. Huko alipanda viazi, na kazi aliituma kwa mtandao. Simu aliipokea akitaka.

Siku hiyo alitaka. Zornitsa alimweleza yote: kushoto, kulia, sweta, wakati mmoja uleule.

"Kompyuta imezimika?" Prodan aliuliza.

"Haikuzimika."

"Kioo kimegeuka buluu?"

"Hapana."

"Basi kosa ni lako. Sikiliza, bibie. Programu yako ikikosea inakufa peke yake, tunaizika, watu wanarudi kunywa kahawa. Kiendeshi changu kikikosea kinaanguka na nyumba nzima. Nyumba imesimama?"

"Imesimama, lakini..."

"Nyumba imesimama. Kwaheri, nina viazi."

"Prodan, usinikatie si..."

Alikuwa ameshakata.

*

Kesho yake Stamenka alikuja kazini amefunga nywele nyuma, masikio yote mawili nje, na hereni za fedha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Alipita kwenye meza ya Zornitsa na kuegemea.

"Jana Mincho alisimama kushoto kwangu akanong'ona," alisema. "Nilisikia."

"Alisema nini?"

"Maneno sikuyashika. Lakini nilisikia kuna mtu."

Zornitsa alitaka kusema: shangazi, ulihisi pumzi yake shingoni. Alitaka kusema: sweta langu nalo linasikia. Hakusema. Na jambo lililomchanganya kuliko kosa lenyewe ni kwamba kwa nukta moja hivi, akizitazama zile hereni, aliingiwa na shaka. Je, kama kuna makosa mawili? Je, kama mashine inakosea kwa sweta, lakini kwa Stamenka ilisema kweli kwa bahati? Alijicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Akaenda kwa Kamburov. "Tuwaambie wakaguzi wasije kwanza. Mashine haifanyi kazi."

"Inafanya kazi. Watu wote wametoka vizuri."

"Kiziwi naye ametoka vizuri, bosi!"

"Basi inafanya kazi kupita kiasi," Kamburov alisema, kisha akaona aibu, akakuna ndevu. "Nenda kwa Prodan. Chukua mashine, chukua gari. Ukirudi bila jibu, mimi ndiye nitakayepanda viazi."

Zornitsa alikuwa akiipakia mashine kwenye buti la gari Stamenka aliposhuka ngazi amebeba mkoba na sinia iliyofunikwa kitambaa.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Smolyan."

"Barabara ina kona nyingi, utachoka, na huko tutakuwa na mambo ya..."

"Sikio ni langu," Stamenka alisema, akafungua mlango. "Halibaki Plovdiv huku watu wakilijadili milimani."

*

Prodan aliwapokea kizingitini na viatu vya matope. Alikuwa amekonda, na rangi ya jua ilimfanya aonekane mzima kuliko alivyokuwa.

"Shangazi Stamenka! Umekuja kunikagua?" alimpigia kelele, akiwa amesimama upande mbaya. Stamenka akageuka mzima mzima, kama kawaida yake, kumtafuta kwa sikio la kulia. Prodan akamtazama, akamtazama Zornitsa, kisha akaziona hereni.

"Aliyepimwa ni yeye?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na viazi."

Prodan akaenda garini. Aliichukua mashine mikononi mwake kutoka kwenye buti, akaiingiza jikoni kwa uangalifu kama anabeba yai, akaiweka juu ya meza kati ya bakuli la maharage na sinia ya Stamenka, iliyokuwa na banitsa, mkate wa matabaka membamba na jibini, bado ina uvuguvugu. Walikula kwanza. Stamenka alisema mtu haendi mahakamani na njaa.

"Mahakama gani tena?" Prodan alisema.

"Mmoja wenu ana kosa. Au hakuna mwenye kosa, na mimi nasikia. Nimekuja kusikia ni lipi."

Prodan akatikisa kichwa upande huu na upande huu, kama watu wa kwao wanavyokubali jambo, akasogeza sahani. Aliketi na kukifanya kiendeshi chake kiseme. Kwa kawaida kiendeshi hufanya kazi kimyakimya. Yeye alikipa amri kila kinapopokea ombi na kila kinapojibu, kiandike mstari mmoja kwenye kioo cha pili. Stamenka akavaa hedifoni, akageuziwa dirisha ili asiwaone, kitufe mkononi.

Mlio wa kwanza wa kushoto ukapigwa. Mstari ukatokea kwenye kioo: ombi limefika, linasubiri. Stamenka alitazama milima. Programu ya Zornitsa ikangoja muda wake, ikaona hapana jibu, ikaongeza nguvu, ikapeleka ombi jingine. Mstari wa pili: ombi limefika, linasubiri. Wa tatu. Wa nne. Mistari ikapangana ikijaza kioo, yote na neno lilelile mwishoni.

Prodan akainama mbele. "Hawa ni akina nani?"

"Maombi yangu."

"Naona ni yako. Nauliza, mbona bado yako mlangoni kwangu?"

"Hayako. Muda wake ulishapita, nikaacha kuyasubiri."

"Uliacha wewe. Mimi uliniambia?"

Zornitsa alimgeukia. "Nikuambie nini? Mtu akichoka na foleni ya mkate anaondoka. Hapigi hodi jikoni kumuaga mwoka mikate!"

"Kwangu anaaga!" Prodan alisema, na mshipa wa shingo ukamsimama. "Umenituma nikae pale nikingoje kitufe. Ninakaa. Mchana, usiku, mvua, mimi nakaa, mpaka nisikie neno basi. Umewahi kuniambia basi?"

"Nilidhani ukiona kimya..."

"Mimi sioni kimya. Mimi naona kitufe tu."

Kabla Zornitsa hajajibu, milio ya kushoto ikaisha na ya kulia ikaanza. Stamenka akanyoosha mgongo, akabonyeza. Mara moja tu.

Kioo kizima kikabadilika. Mistari yote iliyokuwa ikisubiri, wa kwanza hadi wa mwisho, ikajibiwa kwa mpigo mmoja, na kila jibu likaenda kukaa pale lilipoelekezwa tangu mwanzo, katika nafasi za sikio la kushoto. Zornitsa alizitazama nafasi zake zikijaa moja baada ya nyingine. Hazikuwa tupu tena. Mwisho wa kipimo programu ingepita, ingezikuta zimejaa, na ingechora mstari mzuri.

"Na wewe!" Aliruka kutoka kitini. "Kubonyeza mara moja, umewajibu wote?"

"Walikuwa wanangoja kitufe. Kitufe kimebonyezwa. Nimjibu nani, nimnyime nani?"

"Wa mwisho!"

"Nitajuaje kwamba wa mwisho ndiye hai na wengine wote ni maiti? Wamesimama, wana majina, wana anwani. Nikawajibu."

Nje jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Zornitsa aliona jinsi jambo lilivyokuwa rahisi, na jinsi lilivyojificha mchana kweupe. Watu wenye masikio mazima walibonyeza kwenye mlio wa kwanza kabisa, kila mara, kwa hiyo hapakuwa na ombi lililobaki nyuma. Ukianza kulia, yaliyobaki ya kushoto hayakupata kitufe cha kuyaamsha. Ukiizima programu katikati, kiini huyafuta maombi yake yote, na foleni inakufa. Ilihitajika mtu mmoja tu, asiyesikia upande mmoja na anayesikia wa pili, apimwe kwa mpangilio ule. Yaani ilihitajika mtu yule ambaye mashine iliundwa kwa ajili yake.

Furaha ilimpanda kifuani, ile furaha ya kushika kitu kilichokuwa kikikuponyoka. Akamkamata Prodan begani, na Prodan naye alikuwa akicheka. Kisha wakaona Stamenka amegeuka. Alikuwa amevua hedifoni na anawatazama, uso mtulivu, akingoja.

"Nani ana kosa?" aliuliza.

Prodan alitazama viatu vyake. Zornitsa akazunguka meza, akapiga magoti kulia kwake, akamweleza. Alieleza vibaya. Alisema maombi, alisema foleni, alisema nafasi za kumbukumbu, akajisikia anavyozungukazunguka, mpaka Stamenka alipomshika mkono.

"Mwanangu. Linasikia au halisikii?"

"Halisikii, shangazi."

"Ni lile lile la siku zote."

"Ni lile lile. Sisi ndio tuliokosea. Sote wawili. Nisamehe."

Stamenka akasimama, akaiweka hedifoni juu ya meza kwa utaratibu, akatoka. Walimwona akitembea kati ya matuta ya viazi, mikono nyuma, akitazama chini kama anayekagua shamba la kununua. Mwishoni mwa tuta alisimama muda mrefu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Prodan alisema kwa uchungu, "sembuse mashine yetu."

"Nyamaza, Prodan."

Wakafanya kazi. Zornitsa aliibadili programu yake: ikichoka kusubiri, kwanza ilirudishe ombi kwa kusema wazi kwamba imeliondoa, na isiende popote mpaka ipate hakikisho. Prodan alikibadili kiendeshi: kikisikia ombi limeondolewa kilitoe foleni na kujibu kwamba limetoka, na kisijibu maombi mawili kwa kitufe kimoja. Walibishana nani aliyetangulia kukosea, bila kufika popote, na pengine mpaka leo kila mmoja ana jibu lake.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili wa bonde Stamenka aliporudi ndani akaivaa hedifoni mwenyewe, bila kuombwa.

"Nipimeni tena," alisema.

"Si lazima iwe wewe, shangazi. Tutatumia sweta."

"Sweta halijapanda mpaka huku. Mimi nimepanda."

Wakampima, kushoto kisha kulia. Mistari ilikuja na kuondoka kama inavyotakiwa, mmoja anaingia, anaaga, anafuata mwingine. Mchoro ukatoka. Kulia, mstari mzuri. Kushoto, utupu, utupu, utupu, na chini kabisa, kwenye mlio mzito kuliko yote, ulipofikia nguvu yake ya mwisho, alama moja.

Zornitsa alikisogelea kioo. "Imerudi tena."

"Hii si mimi," Prodan alisema upesi.

"Wala si mimi. Tazama, ina wakati wake peke yake. Hakuna ombi lililobaki nyuma. Ombi moja, kitufe kimoja, jibu moja."

Wakageuka wote wawili kumtazama Stamenka.

"Nilibonyeza," alisema.

"Ulisikia?"

"Sijui." Aliikunja midomo. "Kilikuja kitu. Kama mtu anayetembea chumba cha pili, huoni, husikii, lakini unajua yupo. Nikabonyeza. Nilikosea?"

Wakarudia. Alama ikaja tena, palepale. Wakarudia mara nyingine na haikuja. Mara nyingine ikaja. Prodan alikaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema yeye anaelewa mambo ya ndani ya kompyuta, na ya ndani ya mwanamke huyu hakuwahi kuahidi kuyaelewa. Stamenka alimpiga kofi la mgongo, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

*

Aliyewaeleza alikuwa daktari Yanakieva, mpima masikio wa kliniki moja pale Plovdiv, ambaye Zornitsa alimpeleka Stamenka kwake kabla wakaguzi hawajafika. Daktari aliitazama ile alama, hakuonekana kushangaa. Mlio mzito ukipigwa kwa nguvu nyingi, alisema, hutikisa fuvu lenyewe. Mfupa huubeba mpaka ng'ambo, na sikio zima husikia kile kilichopigwa katika sikio bovu. Au mtu huuhisi ngozini tu kama mtetemo. Ili kujua, humwagwa mvumo kama wa mvua katika sikio zima, ili liwe na kazi yake lenyewe, ndipo sikio bovu huulizwa peke yake.

Akafanya hivyo. Zornitsa alikaa nje ya kioo cha kibanda, akimwona Stamenka ndani, macho ameyafumba, kidole juu ya kitufe. Daktari alipiga mlio, akaongeza, akaongeza, mpaka mwisho. Kidole kilinyanyuka mara moja, kikatulia. Hakikubonyeza.

Wakaguzi walikuja, wakapima, wakaondoka wameridhika. Kamburov aliagiza kwamba mashine ipewe nayo uwezo wa kumwaga mvumo ule katika sikio zima. Zornitsa na Prodan wakaanza tena kugombana kwa simu, safari hii kuhusu sauti mbili zitakazopita mlango mmoja.

Siku moja mchana Zornitsa alimkuta Stamenka peke yake jikoni mwa ofisi, akikata matango kwa supu ya mtindi. Alisimama kulia kwake. Tangu milimani hawakuwa wamelizungumza.

"Shangazi, nilitaka kusema... zile siku ulizoamini. Lile lilikuwa kosa langu, na sikukuzuia mapema. Nilikuwa najua."

Stamenka aliendelea kukata. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Karibu yote. Sijui. Kuna wakati na mimi niliamini kidogo."

"Mimi zile siku nilikuwa nasikia," Stamenka alisema. "Usiniulize nilisikia nini."

Akakusanya matango kwa kisu, akayatia bakulini, akamnyooshea Zornitsa kitunguu saumu amenye. Zornitsa akakipokea. Alisimama pale akimenya, asijue kama amesamehewa au ameshtakiwa, na Stamenka, akikoroga mtindi, hakumwambia.